Kupandisha na kushusha sampo: kinachotokea unapogusa kitufe cha “pitch”

Baada ya kipindi chetu cha muziki wa vijana, kijana mmoja alitutumia rekodi mbili. Ya kwanza ni ya bibi yake akiimba huku anatwanga. Ni ya sekunde 12 tu, na mdundo wa mchi unasikika vizuri. Ya pili ni sauti hiyo hiyo ikiwa ndani ya biti aliyoitengeneza mwenyewe. Chini yake aliandika: “Naomba msaada. Bibi anaimba chini ya biti yangu. Nikimpandisha ili afike, anakuwa kama katuni. Nikimwacha alivyo, hawaendani. Nifanyeje?”

Maswali ya namna hii yanatufikia mara kwa mara kutoka kwa vijana wanaotengeneza muziki kwa simu au kwa kompyuta ya kuazima. Makala haya yanaeleza maana ya kubadilisha kimo cha sauti ya sampo, njia mbili zinazotumiwa na programu, namna ya kupiga hesabu yake, na mahali ambapo watu wengi hukosea. Jambo moja la mwishoni linakuhusu hata kama hutengenezi muziki: sauti inayobadilishwa redioni ili msemaji asitambulike.

Kwa asiyelijua neno hili, sampo ni kipande cha sauti iliyokwisha kurekodiwa ambacho mtengeneza muziki anakichukua na kukiweka ndani ya kazi yake. Kinaweza kuwa pigo moja la ngoma, neno la mwimbaji, au sekunde kadhaa za kinanda.

KIMO CHA SAUTI NI NINI

Sauti ni mtetemo. Ukipiga uzi wa gitaa, unaona unavyotikisika. Ukitikisika mara nyingi ndani ya sekunde moja, sauti inakuwa nyembamba, yaani ya juu. Ukitikisika mara chache, sauti inakuwa nene, ya chini. Idadi hiyo ya mitetemo ndiyo inayoamua kimo cha sauti. Usikichanganye na ukubwa wa sauti: redio ukiifungulia kwa nguvu sauti inakuwa kubwa, lakini kimo chake hakibadiliki.

Nota inayoitwa A, ambayo ala nyingi za kisasa hutumia kama kipimo, ina mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiizidisha mara mbili unapata 880, na hiyo nayo ni A, ila ya juu zaidi. Wanakwaya wanaijua safari hii: ni kutoka do ya chini hadi do ya juu, na huitwa oktavo.

Ndani ya oktavo moja kinanda kina hatua 12 zinazolingana. Kila hatua ni nusu toni. Ukianza C na kuhesabu vibonye vyote, vyeupe na vyeusi, unapata C, C#, D, D#, E, F, F#, G, G#, A, A#, B, kisha unarudi C. Kila nusu toni nayo imegawanywa katika senti 100. Programu karibu zote za muziki hutumia vipimo hivi viwili: nusu toni kwa safari kubwa, senti kwa marekebisho madogo.

NJIA YA KWANZA: KUBADILISHA MWENDO

Waliokulia kwenye redio kaseti hawahitaji maelezo marefu hapa. Betri zikianza kuisha, mkanda ulikwenda polepole na mwimbaji akageuka mtu mwenye sauti nzito ya usingizi. Ukibonyeza kupeleka mbele huku sauti inasikika, waimbaji wote walilia kama vifaranga. Mwendo ukiongezeka, mitetemo inaongezeka ndani ya kila sekunde na kimo kinapanda. Mwendo ukipungua, kimo kinashuka.

Kwenye santuri ilikuwa vile vile. Santuri iliyotengenezwa izunguke mara 33 na theluthi kwa dakika, ukiipiga kwa mizunguko 45, inapanda nusu toni 5 na kidogo.

Programu ya muziki hufanya jambo hilo hilo bila mkanda. Sauti ya kidijitali ni mlolongo wa namba, kwa kawaida 44,100 kwa kila sekunde. Programu ikizisoma haraka zaidi, kipande kinakuwa kifupi na cha juu. Ikizisoma polepole, kinakuwa kirefu na cha chini. Kimo na urefu vimefungwa kamba moja: huwezi kuvuta kimoja na kuacha kingine.

Hesabu yake haibadiliki. Kipande cha sekunde 10 kikibadilishwa kwa njia hii kinakuwa hivi:

Kupanda nusu toni 1: sekunde 9.44
Kupanda nusu toni 2: sekunde 8.91
Kupanda nusu toni 3: sekunde 8.41
Kupanda nusu toni 5: sekunde 7.49
Kupanda nusu toni 7: sekunde 6.67
Kupanda nusu toni 12: sekunde 5
Kushuka nusu toni 1: sekunde 10.59
Kushuka nusu toni 2: sekunde 11.22
Kushuka nusu toni 5: sekunde 13.35
Kushuka nusu toni 12: sekunde 20

Ukitaka kupata mwendo mpya wa mdundo kwa kikokotoo cha simu, zidisha mwendo wa zamani kwa 1.0595 mara moja kwa kila nusu toni unayopanda. Mdundo wa mapigo 90 kwa dakika ukipanda nusu toni 3 unakuwa wa mapigo 107. Ukishuka, gawanya badala ya kuzidisha.

Njia hii ni ya zamani na imezaa muziki mwingi. Mwaka 1958 nchini Marekani, Ross Bagdasarian alirekodi sauti mkanda ukienda nusu ya mwendo, kisha akaupiga kwa mwendo wa kawaida. Hapo zilizaliwa sauti za wanyama wadogo wanaoimba, Alvin and the Chipmunks. Katika miaka ya 1990 mjini Houston, DJ Screw alikwenda upande wa pili: alipunguza mwendo wa nyimbo za rap hadi zikawa nzito na za taratibu, na jiji zima likaufanya mtindo huo wake. Mwaka 2003 Kanye West aliharakisha sauti ya Chaka Khan na kuifanya uti wa mgongo wa wimbo wake “Through the Wire”.

Kwetu mfano mkubwa ni singeli. Katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam, kama Manzese na Tandale, ma-DJ wa vigodoro walichukua vipande vya ala vya taarabu ya kisasa, wakavizungusha na kuviharakisha ili MC apate kasi ya kuchana juu yake. Maprodyuza waliofuata wakaendelea kuongeza mwendo, na leo singeli ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika ni ya kawaida. Kile kinanda chembamba kinachokimbia ndani ya singeli nyingi kimetokana na njia hii. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na muziki uliozaliwa kwenye ngoma za mtaani ukasikika katika matamasha ya Ulaya.

Kwa hiyo sauti ya “katuni” peke yake si kosa. Ni kosa pale ambapo hukuitaka.

NJIA YA PILI: KUBADILISHA KIMO BILA KUGUSA MWENDO

Umewahi kusikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa mwendo wa mara mbili? Shangazi anaongea haraka, lakini sauti yake inabaki ya shangazi. Haikupanda. Hapo simu imekata ile kamba inayofunga kimo na mwendo.

Inafanyika hivi. Programu inaikata sauti katika vipande vidogo sana, kila kimoja sehemu ndogo ya sekunde. Ikitaka kufupisha, inaacha baadhi ya vipande. Ikitaka kurefusha, inarudia baadhi. Kisha inavipandanisha kingo zake ili sikio lisisikie mshono, kama fundi cherehani anayeongeza upana wa gauni kwa vipande vya kitambaa kile kile. Sauti ikisharefushwa bila kubadilika kimo, programu inaweza kuiharakisha kwa njia ya kwanza ili irudi kwenye urefu wake wa mwanzo. Matokeo yake ni kwamba kimo kimepanda na urefu umebaki ule ule.

Gharama yake iko kwenye ile mishono. Ukisogeza kidogo, sikio halioni kitu. Ukisogeza sana, sauti inaanza kutetemeka, inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya bomba, na pigo la ngoma linapoteza ukali wake. “Pa!” inakuwa “pfa”. Hii ni kwa sababu pigo la ngoma ni kitu kifupi sana, na programu ikilikata na kulirudia inalipaka matope.

Kanuni ya kufanyia kazi ni rahisi. Ngoma, makofi, kayamba na mapigo mengine mafupi yafae njia ya kwanza, kwa kuwa urefu wake si tatizo. Ngoma ikishushwa nusu toni 3 hadi 5 kwa njia hiyo, inasikika kama ngoma kubwa zaidi na mlio wake unarefuka kidogo. Maneno, nyimbo na ala zinazopaswa kubaki kwenye mwendo maalumu zinahitaji njia ya pili, kwa kiasi kidogo.

KWA NINI MTU ANAKUWA KATUNI

Sauti ya mtu ina vitu viwili. Kimoja ni mtetemo wa koo, ambao ndio nota anayoimba. Cha pili ni umbo la koo, mdomo na pua, ambalo ndilo linaloipa sauti rangi yake na kutufanya tumtambue mtu hata kwenye simu mbovu. Mtu akiimba nota ya juu, koo linatetemeka haraka, lakini kichwa chake hakipungui ukubwa.

Programu inapoipandisha sauti yote kwa pamoja, inapandisha na ile rangi. Sikio linadhani limesikia kiumbe mwenye mdomo na koo dogo: mtoto, au panya wa kwenye katuni. Ikishusha, tunasikia jitu.

Baadhi ya programu zina kitufe cha pili kilichoandikwa “formant”, ambacho kazi yake ni kulinda rangi hiyo wakati nota inasogea. Kama programu yako inacho, kitumie kwa sauti za watu. Kama haina, fanya utaratibu wa kutovuka nusu toni 2 au 3 kwa sauti ya mwimbaji unayetaka atambulike.

Hapa pia tutofautishe na Auto-Tune, maana watu huvichanganya. Kubadilisha kimo cha sampo ni kusogeza kipande chote kwa kiasi kimoja, na aliyeimba nje ya nota atabaki nje ya nota, ila juu zaidi. Auto-Tune inaifuata kila nota na kuivuta iende kwenye nota iliyo karibu. Ilitolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, Mmarekani ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya kuchambua mawimbi ya sauti katika utafutaji wa mafuta chini ya ardhi.

HATUA KWA HATUA

1. Tafuta do ya sampo. Isikilize mara nyingi, kisha imba nota ambayo wimbo unapenda kupumzika juu yake, hasa mwishoni. Fungua kinanda cha bure kwenye simu na ubonyeze hadi upate nota hiyo. Aliyewahi kuimba kwaya kwa solfa ana faida kubwa hapa.

2. Tafuta do ya biti yako kwa namna hiyo hiyo.

3. Hesabu hatua kati ya hizo mbili, ukihesabu na vibonye vyeusi. Kutoka C hadi D ni 2. Kutoka C hadi A ni 9 kwa kupanda, lakini ni 3 tu kwa kushuka. Ukiona umezidi 6, geuka upande wa pili.

4. Chagua njia. Unataka mwendo ubadilike pamoja na kimo, au ubaki?

5. Badilisha, kisha sikiliza kwa spika na kwa simu, si kwa spika za masikioni peke yake. Kasoro za mishono husikika tofauti kila mahali.

Kwenye FL Studio, programu iliyotoka Ubelgiji na inayotumika katika studio nyingi za mtaani, weka sampo kwenye orodha ya ala na uifungue. Utakuta sehemu ya “Time stretching” yenye kitufe cha “Pitch”, kitufe cha “Time” na kisanduku cha kuchagua namna ya kufanya kazi. Ukichagua “Resample”, unatumia njia ya kwanza, kimo na mwendo pamoja. Ukichagua namna nyingine, kama “Stretch”, unatumia njia ya pili. Vijana wengi huzungusha “Pitch” bila kukiangalia kisanduku hicho, kisha wanashangaa kwa nini sampo imetoka nje ya mdundo. Ukiipiga sampo kwa kinanda cha programu, C5 ndiyo inayotoa sauti ya asili, na kila kibonye cha juu au cha chini ni nusu toni moja.

Kwenye Audacity, ambayo ni ya bure kwa kompyuta, teua kipande, nenda kwenye menyu ya “Effect”, tafuta “Pitch and Tempo”. “Change Pitch” inagusa kimo peke yake. “Change Tempo” inagusa mwendo peke yake. “Change Speed and Pitch” inavigusa vyote viwili. Kwenye “Change Pitch” andika idadi ya nusu toni, na uweke alama kwenye kisanduku cha ubora wa juu. Itachukua muda zaidi, lakini kazi itakuwa safi.

Kwenye simu, programu kama BandLab na FL Studio Mobile zinatosha kwa kazi hii. Popote ulipo, tafuta maneno matatu: “pitch” ni kimo, “tempo” au “stretch” ni mwendo bila kimo, “speed” kwa kawaida ni vyote viwili. Jaribu kwanza kwa sauti yako mwenyewe ukihesabu moja hadi kumi, na utajua mara moja kitufe kinafanya nini.

ZEZE NA ILIMBA HAVIFUATI KINANDA

Ukisampo ala za asili, unaweza kusogeza nusu toni zote na bado kukawa na kitu kinachokwaruza. Mara nyingi ala haikosei. Ala nyingi za kwetu hazikuwahi kufungwa na A ya mitetemo 440.

Kama zeze lote liko juu kidogo ya kinanda, tumia senti. Shusha senti 10, sikiliza, shusha tena, hadi mkwaruzo utulie.

Tatizo jingine ni kubwa zaidi. Muziki wa Wagogo wa Dodoma, ule ambao Hukwe Zawose aliupeleka duniani kabla ya kufariki mwaka 2003, unafuata nota zinazozaliwa na mtetemo wenyewe wa asili. Moja ya nota hizo iko chini ya nota ya kinanda iliyo jirani yake kwa karibu senti 31, theluthi ya hatua nzima. Kitufe cha “pitch” hakiwezi kulitatua hilo, kwa sababu kinasogeza nota zote kwa pamoja. Ukiilinganisha moja, nyingine inatoka.

Usiivute ilimba kwa Auto-Tune ili ifanane na kinanda. Utakuwa umeondoa kile kilichokufanya uipende. Punguza vyombo vya kinanda vinavyopiga nota ile ile kwa wakati mmoja, acha besi, ngoma na sauti, na ilimba ipate nafasi yake. Kama lazima kitu kisogee, sogeza kinanda.

MAKOSA YANAYORUDIA

La kwanza ni kufanya kazi juu ya rekodi pekee uliyonayo. Kabla hujagusa chochote, tengeneza nakala na uiweke ile ya asili mahali pengine, ikiwezekana kwenye simu ya mtu mwingine. Ukishahifadhi juu yake, mishono haitoki.

La pili ni kubadilisha mara juu ya mara. Ukipandisha 3, ukahifadhi, ukashusha 1, ukahifadhi, sauti imekatwa mara mbili. Rudi kwenye ile ya asili na upandishe 2 mara moja.

La tatu ni kutumia faili lililopita WhatsApp mara kadhaa. Faili hilo limeshabanwa, na ukilirefusha kasoro zake zinakua. Omba liletwe kama hati, si kama ujumbe wa sauti.

La nne limewahi kunipata mimi. Nilirusha mahojiano ya mzee mmoja yaliyorekodiwa kwa namba 48,000 kwa sekunde, lakini kifaa kikayapiga kama ya 44,100. Sauti ilishuka nusu toni 1 na nusu, na dakika 10 zikawa karibu dakika 11. Mimi sikugundua, maana sikuwa nimezoea sauti yake. Binti yake alipiga simu kabla kipindi hakijaisha kuuliza kama baba anaumwa. Tangu siku hiyo, rekodi ikisikika nzito au nyepesi bila sababu, kitu cha kwanza ninachoangalia ni namba hiyo kwenye mipangilio ya mradi.

KUFICHA SAUTI YA MTU: ONYO

Redio na televisheni hushusha au kupandisha sauti ya mtu anayeeleza jambo la hatari: mama anayepigwa nyumbani, mfanyakazi anayefichua wizi, kijana aliyeona tukio. Watu wengi wanaamini kwamba sauti ikishageuzwa, usalama umepatikana.

Sivyo. Kama sauti imeshushwa nusu toni 4 tu, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuirekodi kutoka redioni na kuipandisha nusu toni 4. Haitakuwa safi, lakini itamrudisha mtu. Kabla ya kurusha mahojiano ya namna hiyo, niliwahi kufanya jaribio hili mwenyewe na kumsikilizisha mwenzangu aliyemfahamu msemaji. Alimtaja baada ya sentensi ya pili. Mahojiano yale hatukuyarusha kwa sauti yake.

Hata bila kurudisha kimo, lafudhi, maneno anayoyapenda mtu, kikohozi chake, na jogoo au kengele ya shule inayosikika nyuma havibadiliki. Kijijini ambako watu wanafahamiana, hivyo vinatosha.

Njia salama zaidi ni mtu mwingine kuyasoma maneno yake, baada ya majina, mahali na tarehe kuondolewa. Ukiombwa kuzungumza na mwandishi wa habari kwa siri, muulize kabla hajabonyeza kurekodi: sauti yangu itarushwa, au maneno yangu yatasomwa na mwingine? Rekodi ya asili itahifadhiwa wapi, na nani ataisikia? Una haki ya kupata jibu kabla ya kufungua mdomo.

KUBADILISHA KIMO HAKUBADILISHI MWENYE MALI

Kuna imani mitaani kwamba ukipandisha wimbo wa mtu nusu toni mbili unakuwa wako. Hilo huenda likauchanganya mtambo wa intaneti unaotafuta nyimbo zilizoibwa, na mara nyingi hata huo hauuchanganyi. Mbele ya sheria haibadilishi chochote. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kabla ya kutumia sehemu ya rekodi ya mtu, omba ruhusa, na ipatikane kwa maandishi.

Wimbo wa jadi nao si shamba lisilo na mwenyewe. Sheria hiyo ya Tanzania inataja pia sanaa za jadi, na mtu aliyeimba kwenye rekodi ana haki yake kama mwimbaji, hata kama wimbo ni wa mababu. Bibi anayetwanga ni msanii kwenye rekodi hiyo. Mwulize. Msikilizishe kazi kabla hujaipeleka hewani. Mwandike jina lake kama anakubali, na mkubaliane mapema kuhusu fedha zikija.

TULIVYOMJIBU MJUKUU

Do ya bibi ilikuwa karibu na F, na mwendo wake mapigo 84 kwa dakika. Biti ya mjukuu ilikuwa kwenye A, mapigo 106. Tofauti ni nusu toni 4. Mjukuu alipompandisha bibi nusu toni 4 kwa njia ya kwanza, mwendo wake ulifika karibu 106, kwa hiyo akaona ameotea. Mdundo uliingia, nota zikaingia, ila bibi akageuka binti wa shule.

Tulimkumbusha jambo moja. Biti yake imetengenezwa kwa nota za kinanda, na nota za kinanda zinasogezwa bila gharama yoyote: unaziteua zote na kuzishusha, hakuna kukata wala mshono. Anayeumia kwa kusogezwa ni bibi, kwa kuwa yeye ni rekodi. Kwa hiyo anayepaswa kusogea zaidi ni biti.

Alishusha biti kutoka A hadi G, nusu toni 2, na kuacha ngoma zake kama zilivyo. Akampandisha bibi nusu toni 2 tu kwa njia ya kwanza. Mwendo wa bibi ukawa mapigo 94, naye akaishusha biti hadi 94. Wakakutana katikati.

Ametutumia matokeo. Sauti imekuwa changa kidogo, lakini ni bibi. Mchi unasikika. Tumemwambia tutaipiga kwenye kipindi siku atakayotuambia kwamba bibi mwenyewe ameisikiliza na amesema sawa.